Kutoka Kidahizo hadi Neno la Kutafutia: Historia Fupi ya Kuyapanga Maneno ya Kiswahili, kwa Mfano wa Mtaa wa Langas, Eldoret

Suala la namna ya kuyapanga maneno ya Kiswahili ili anayeyatafuta ayapate bila ya kusumbuka limewashughulisha watunzi wa kamusi kwa zaidi ya karne moja. Katika miaka ya hivi karibuni suala hilohilo limezuka upya mahali ambapo wengi hawakulitazamia, yaani katika kazi ya wale wanaochunguza maneno yanayoandikwa na watu katika mitambo ya kutafutia ya intaneti, kwa nia ya kuzifanya kurasa zionekane na wale wanaozihitaji. Kazi hiyo imezoeleka kuhesabiwa kuwa ni ya wafanyabiashara na mafundi wa kompyuta, na wanaisimu wengi huipita kando. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kazi hiyo ni tawi la leksikografia. Kwamba shida zake kubwa katika Kiswahili ni shida za zamani. Na kwamba mtu atakaye kuifanya kwa wepesi zaidi hana budi kuanzia walikoanzia watunzi wa kamusi. Mfano utakaotumika ni Langas, mtaa wa Eldoret nchini Kenya.

Langas ni mtaa mkubwa wa watu wa kipato kidogo, upande wa kusini wa Eldoret. Wakazi wake wametoka katika jamii nyingi: Wakalenjin, Wakikuyu, Waluhya, Waluo, Wakisii na wengineo, na baina yao Kiswahili ndicho kiungo cha sokoni, cha kazini na cha ua moja wenye wapangaji wa makabila matano. Kiswahili hicho si cha pwani, wala si kile cha vitabu vya shule. Ni lugha iliyopokewa, ikatiwa maneno ya Kiingereza na ya Sheng, ikapewa matamshi ya lugha za mama, na ikafaa. Mji wenyewe una desturi ya kuyageuza maneno kwa namna hiyo. Ulianzishwa mnamo 1910 juu ya shamba lililokuwa na namba 64 katika ugawaji wa ardhi wa walowezi, na namba hiyo ikageuka jina: Wakalenjin waliitamka Sisibo, na baadaye mji ukaitwa Eldoret. Eldoret ilipotangazwa kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, bado walikuwapo walioiita 64. Basi mji mmoja una majina matatu, na moja kati ya hayo halina hata herufi. Mwenye kuandika kamusi ya mahali angalilazimika kuyaingiza yote matatu, na kuyaelekeza mawili kwa moja.

*Watunzi wa kamusi na tatizo la kupatikana kwa neno*

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake kubwa ilichapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Utajiri wa kamusi hiyo haujapingwa na mtu. Krapf aliyakusanya maneno vinywani mwa watu, na mara nyingi alilieleza neno pamoja na desturi inayolihusu. Hata hivyo tahajia yake ilikuwa ngumu, na mpangilio wake ulimtaka msomaji ajue mapema neno limeandikwaje kabla ya kulitafuta. Kwa sababu hiyo Kasisi H. K. Binns aliisahihisha na kuipanga upya, na toleo lake likatoka mwaka 1925. Yafaa kulizingatia jambo hili. Kwa miaka 43 maneno yalikuwamo kitabuni, lakini kuwamo kwa neno na kupatikana kwake ni mambo mawili mbalimbali. Hazina isiyofunguka ilihitaji mtu wa pili, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kupanga kuliko kukusanya.

Njia nyingine ilikuwa imekwisha kuanzwa Unguja. Edward Steere alitoa kitabu chake cha lugha ya Kiswahili kama isemwavyo Unguja mwaka 1870, na A. C. Madan akafuatia kwa kamusi ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1894, kisha ya Kiswahili na Kiingereza mwaka 1903. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipoichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930 chini ya katibu wake wa kwanza, Frederick Johnson, misingi ya Madan ndiyo iliyorithiwa. Kamusi ya Johnson ya 1939, iliyotoka baada ya yeye mwenyewe kufariki, iliyaweka majina mengi yaliyotokana na vitenzi chini ya vitenzi hivyo. Anayetaka kujua habari za *msomaji* alitarajiwa aende penye *soma*.

Mpango huo umelaumiwa sana na walimu wa shule, na lawama yao ina haki, kwa kuwa mwanafunzi asiyejua mzizi hawezi kulifikia neno. Lakini nyuma ya mpango huo limo wazo la kweli kuhusu lugha. Kiswahili hubeba mzigo wake mbele ya mzizi. Ukikitwaa kitenzi *tafuta* pamoja na minyambuliko yake mitano, *tafutia, tafutwa, tafutana, tafutika* na *tafutisha*, ukaviambisha viambishi sita vya nafsi na alama nne za wakati, yaani *na, li, ta* na *me*, utapata maumbo 144. Hapo hujagusa ukanushi, wala urejeshi, wala viambishi vya mtendwa, wala ngeli nyingine zote. Hakuna kamusi iwezayo kuyaorodhesha maumbo hayo moja moja. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilipotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, ilifuata njia ya katikati: majina yalipewa mahali pake yenyewe katika alfabeti, na minyambuliko ya kitenzi ikabaki chini ya kitenzi mama. Huo ulikuwa uamuzi wa mtu aliyejiuliza msomaji atakuja na neno gani mkononi.

Kuna mtunzi mmoja ambaye husahauliwa kwa sababu aliandika kwa Kifaransa. Padri Charles Sacleux, ambaye kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilitoka Paris kati ya 1939 na 1941, alilitia kila neno alama ya lahaja yake, hata msomaji akajua kwamba neno hili ni la Mvita na lile ni la Unguja au la Lamu. Wakati kamati ilipokuwa ikikusanya nguvu zake zote katika kusanifisha, Sacleux alikuwa akiandika nani anasema nini na wapi. Kwa kazi ya shule, Johnson alifaa zaidi. Kwa kazi inayozungumzwa katika makala haya, yaonekana Sacleux ndiye wa kufuatwa.

*Neno pamoja na majirani zake*

Nje ya Kiswahili, haja ya kuyapata maneno katika maandiko makubwa ni ya kale. Alexander Cruden alichapisha faharasa yake ya maneno ya Biblia ya Kiingereza mwaka 1737, akiwa ameifanya kwa mkono. Miaka mia mbili na zaidi baadaye, Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM alionyesha, mwaka 1958, kwamba mashine yaweza kulitoa kila neno muhimu la anwani ya makala na kulichapa katikati ya mstari likiwa limezungukwa na majirani zake wa kushoto na wa kulia. Msomaji aliliona neno na mazingira yake kwa mara moja, akaweza kutambua kama ndilo alilolihitaji. Wazo la kuliangalia neno kuu pamoja na maneno yanayolizunguka lilipata hapo umbo lililofaa kwa mashine.

Mashine za mwanzo zilifanyiwa kazi kwa Kiingereza, na Kiingereza hubeba mzigo wake nyuma. Utaratibu wa Martin Porter wa mwaka 1980, ulioenea sana, hukata mikia ya maneno ili maumbo ya neno moja yakutane katika shina moja. Ukiutumia utaratibu wa namna hiyo kwa Kiswahili, hutakata chochote cha maana: *vyumba* na *chumba* vitabaki kuwa wageni wao kwa wao, na *wanatafuta* hatamjua *tulitafuta*. Dawa ilipatikana Helsinki. Kimmo Koskenniemi alikuwa ametoa nadharia yake ya mofolojia ya ngazi mbili mwaka 1983, na Arvi Hurskainen akaitumia katika Kiswahili tangu 1985, akatengeneza programu iwezayo kulichambua neno la Kiswahili kiambishi kwa kiambishi. Kongoo ya Kiswahili ya Helsinki, iliyojengwa kwa msaada wa uchambuzi huo, ilifikia maneno kiasi cha milioni 25 katika toleo lake la pili la 2016. Kwa mara ya kwanza ikawezekana kuliuliza swali la Johnson na kupewa jibu kwa hesabu: mzizi huu umetumika mara ngapi, katika maumbo gani yote?

Lakini kongoo hiyo imejengwa zaidi kwa magazeti na vitabu, hasa vya Tanzania. Langas haimo.

*Maneno ya Langas*

Kampuni ya Google ilianzishwa mwaka 1998, na mwaka 2000 ikaanza kuuza matangazo yanayofungamana na maneno anayoyaandika mtafutaji. Tangu hapo neno likawa na bei. Ili kuwasaidia watangazaji, kampuni ilitoa vyombo vya kuonyesha neno fulani hutafutwa mara ngapi kwa mwezi, na kile kilichoenea zaidi kilitolewa mwaka 2013. Mnamo 2016 wale ambao hawakuwa wakinunua matangazo ya kutosha walianza kuonyeshwa makundi mapana tu, kama vile 10 hadi 100, au 100 hadi 1,000, badala ya hesabu kamili. Maneno yenye watafutaji wachache sana hayaonyeshi chochote.

Hapa ndipo mwanaisimu anapopaswa kusimama. Tuseme mtu anataka kuandika ukurasa wa kuwasaidia wapangaji wa Langas. Mtafutaji mmoja ataandika *nyumba ya kupanga Langas*, wa pili *nyumba za kupanga*, wa tatu *chumba Langas*, wa nne *vyumba vya kupangisha*, wa tano *keja*, wa sita *bedsita*, wa saba *ploti*. Haja ni moja, lakini kila umbo likihesabiwa peke yake laweza kuanguka chini ya kiwango kinachoonyeshwa, na chombo kikasema kwamba hakuna mtu anayetafuta nyumba Langas. Mtumiaji wa chombo huondoka akiamini kwamba Kiswahili hakitafutwi, akaandika ukurasa wake kwa Kiingereza. Uamuzi huo wenye madhara makubwa kwa lugha hutokana na kosa la hesabu, nalo ni kosa lilelile ambalo Johnson alilikwepa: kuyahesabu matawi na kuusahau mti. Akiyakusanya maumbo chini ya mzizi mmoja, na visawe chini ya maana moja, mchunguzi hupunguza orodha ya mamia hadi makumi machache, na wakati huohuo huiona haja ambayo ilikuwa imetawanyika.

Kukusanya chini ya mzizi hakutoshi, kwa kuwa mizizi ya Kiswahili hubeba mengi. *Kupanga* ni kukodi nyumba. Ni kuweka vitu kwa taratibu. Na ni neno la hospitali, kwani kuna *kupanga uzazi*. Mwenye kuliandika neno hilo peke yake hajaeleza haja yake, na jirani wa neno ndiye atakayeamua, kama alivyoonyesha Luhn. Majina ya mahali yana shida ya namna hiyohiyo. Langas ina sehemu iitwayo Kisumu Ndogo. Kibera, Nairobi, pia ina Kisumu Ndogo, na Malindi vilevile, na mashine isiyo na busara yaweza kumpeleka mtafutaji hadi Kisumu yenyewe kando ya ziwa. Sacleux angaliandika alama ya mahali mbele ya kila mojawapo.

Habari ya kazi ni kubwa zaidi. Magazeti na matangazo rasmi hupenda kusema *nafasi za ajira* au *fursa za ajira*. Mtu wa Langas anayeamka asubuhi kutafuta riziki anatafuta *kazi*, au *kazi ya mjengo*, au *kibarua*. Neno hili la mwisho lina historia ya kuangaliwa. Ni udogo wa *barua*: mfanyakazi wa siku alipewa cheti kidogo, cheti kikampa mwenyewe jina lake, kisha jina likahamia kwenye kazi yenyewe. Halikubuniwa na kamati yoyote. Lilitokana na kitu kilichoshikwa mkononi, likadumu, na leo mtu aliyezaliwa miaka mingi baada ya vyeti hivyo kutoweka hulitumia anapoitafuta kazi kwa simu. *Ajira* ni neno zuri na sahihi, lakini ni neno la anayetoa kazi na la anayeandika habari zake. Anayeitafuta kazi ana neno lake.

Katika mambo ya tiba tofauti hiyo huweza kugharimu maisha. Istilahi sanifu ni *shinikizo la damu*. Watu husema *presha*. Istilahi ni *kisukari*. Watu husema *sukari*. Istilahi ni *homa ya matumbo*. Watu husema *taifodi*. Ukurasa ulioandikwa kwa uangalifu na daktari, na kusahihishwa na mtaalamu wa lugha hadi *presha* isibaki hata mara moja, unaweza usimfikie mama wa Langas aliyeandika *dawa ya presha*. Badala yake atafikia tangazo la muuza majani anayedai kuiponya presha kwa siku saba, maana muuza majani hakuwahi kuona haya kusema kama mteja wake. Mitambo ya siku hizi inajitahidi kuoanisha maneno yenye maana moja. Google ilieleza mwaka 2019 kwamba imeanza kutumia katika utafutaji namna mpya ya kuifahamu sentensi nzima. Hata hivyo mashine hujifunza kutokana na maandiko yaliyopo, na pale ambapo *presha* na *shinikizo la damu* havijawahi kuandikwa katika ukurasa mmoja, ushahidi wa undugu wao ni hafifu.

Si haki kuwatupia lawama yote waundaji wa istilahi. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa Tanzania mwaka 1967, na taasisi nyingine zilifanya kazi ambayo bila yake Kiswahili kisingefundisha sayansi. Wala si kweli kwamba istilahi ya kubuniwa haiwezi kupata watu. *Ukimwi*, neno lililofupishwa kutokana na upungufu wa kinga mwilini, lilitungwa katika miaka ya 1980, likapita redioni, mashuleni na mahospitalini, na leo hakuna kijiji cha Afrika Mashariki kisicholijua. Neno hilo lilikuwa fupi, lilitamkika, na liliwafikia watu pamoja na habari ya jambo lenyewe. Kinyume chake, Kenya iliwafundisha wanafunzi wake *tarakilishi* na *rununu*, wakayaandika katika mitihani. Nje ya darasa walisema *kompyuta* na *simu*. Kipimo ambacho wakati wa kuunda istilahi hakikutumika vya kutosha ni hiki: mtu asiye na kamusi, mwenye shida, atalitafuta jambo hili kwa neno gani? Vyombo vya kuhesabu maneno ya watafutaji, pamoja na upungufu wake wote, vimeleta kipimo hicho bila ya kuombwa.

Mbinu ya kufaa basi ni ya watunzi wa kamusi wa zamani, tena ina gharama ndogo. Uchunguzi uanzie sikioni kabla ya kufika katika chombo: langoni mwa nyumba za kupanga, kwenye duka la dawa, kituoni pa bodaboda, penye mashine ya kusagia unga. Kila neno liandikwe kwenye kadi pamoja na mahali liliposikiwa na maneno yaliyolizunguka. Kadi zipangwe kwa mizizi na kwa maana. Ndipo chombo cha hesabu kifunguliwe, nacho kitaulizwa maswali machache yaliyokwisha kufikiriwa, badala ya kumwaga maelfu ya maumbo mbele ya mtu asiyejua la kuchukua na la kuacha. Anayeanzia katika chombo hupewa tu maneno ambayo chombo kinayajua, na Kiswahili cha Langas kinajulikana huko kidogo sana.

Kadi zikishapangwa, kuna kifaa kimoja cha kamusi ambacho ukurasa hauna budi kukiazima, nacho ni *tazama*. Mtunzi wa kamusi anayelikuta neno la watu asilolipendelea hakulifuta. Aliliingiza na kumwelekeza msomaji. Ukurasa wenye anwani *Shinikizo la damu, yaani presha* unafanya kazi hiyohiyo. Usanifu haupungui, na mama wa Langas anafika. Kwa *sukari* jambo ni gumu zaidi, kwa kuwa anayeandika *bei ya sukari* na anayeandika *dalili za sukari* hawana haja moja, na *tazama* peke yake haliwatenganishi. Hapo inabidi jirani wa neno aandikwe pia katika anwani, *dalili*, *dawa* au *chakula cha mtu mwenye sukari*, ili haja zisichanganyike.

Mambo yanabadilika tena sasa, kwa kuwa watu wengi wameacha kuandika na kuanza kuitamkia simu. Alipokuwa akiandika, mtafutaji alitupa viambishi na kubakiza majina mawili matatu, na shida ya maumbo 144 ilikuwa imejificha. Anaposema, husema sentensi nzima: *presha ikipanda nifanye nini usiku huu*. Mashine itabidi iitambue *ki* ya *ikipanda*, imjue mtendaji wa *nifanye*, na iamue kwamba *panda* hii si ya mahindi, si ya mlima wala si ya matatu.